Trekta la zamani lililobadilishwa kuwa la dizeli linakosa mafuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu Massey Ferguson 35 na 135 zilizotoka kiwandani na injini ya petroli, kisha zikafungwa Perkins AD3.152 ya silinda 3 yenye injekta pampu (pampu inayosukuma dizeli kwa shinikizo hadi kwenye silinda) ya CAV, aina ya DPA. Mengi yanafaa pia kwa matrekta mengine ya zamani yenye pampu ya aina hiyo.

Nitajuaje kwamba tatizo ni dizeli kutofika, na si kitu kingine?

Tazama eksozi. Piga stata huku akseleta ikiwa wazi kabisa na waya wa kuzimia umerudishwa ndani. Ikiwa injini inazunguka vizuri na hakuna moshi wowote, dizeli haifiki kwenye silinda. Ukitoka moshi mweupe mzito, dizeli inafika ila haiungui. Hapo chunguza mgandamizo, taimingi na baridi ya asubuhi, wala usihangaike na tangi. Moshi mweusi injini ikibeba mzigo maana yake dizeli imezidi hewa. Anza na chujio la hewa.

Trekta linalokosa mafuta lina dalili zake: nguvu inapungua bila moshi mweusi kuongezeka, mlio unapanda na kushuka wenyewe, kisha injini inazimika taratibu kama mtu aliyefunga koki. Injini iliyozimika ghafla kwa mara moja mara nyingi imeziba kabisa, au waya wa kuzimia umevutika.

Kwa nini lililobadilishwa linasumbua kuliko lililotoka kiwandani na dizeli?

Kwa sababu injini ilibadilishwa, njia ya mafuta ikabaki ya petroli. Kabureta inahitaji mafuta kidogo yanayoshuka yenyewe kutoka tangini, na hairudishi chochote. Dizeli inataka zaidi: fidi pampu inayovuta kutoka tangini, filta ya karatasi inayopinga, injekta pampu, na paipu ya kurudisha yale yanayobaki kwenye nozeli (vinyunyizio vya dizeli ndani ya silinda). Fundi aliyefunga injini akisahau hata kimoja kati ya hivyo, trekta litawaka na kutembea uwanjani, halafu litashindwa shambani.

Makosa tunayoyakuta zaidi ni haya. Koki ya petroli imeachwa na wavu wake mdogo ndani ya tangi, na wavu huo umejaa kutu. Paipu nyembamba ya kabureta imeunganishwa moja kwa moja na fidi pampu. Kuna filta ndogo ya plastiki ya pikipiki au ya gari la petroli katikati ya mpira. Dizeli ni nzito kuliko petroli, na filta hiyo huibana hata ikiwa mpya. Lile baya kuliko yote: tangi la petroli halikuwa na tundu la kurudisha, kwa hiyo mtu ameweka tii (kiungio cha njia tatu) na kurudisha dizeli ya nozeli kwenye paipu ileile inayoenda fidi pampu. Hewa yoyote iliyomo inazungushwa tena na tena bila njia ya kutokea, na utatoa upepo (hewa iliyonaswa kwenye njia ya mafuta) kila siku bila kupona. Paipu ya kurudisha lazima iishie juu ya tangi, kwenye tundu lake yenyewe.

Kama trekta lako ni 35 ya dizeli ya silinda 4 iliyovuliwa injini ile na kuwekewa Perkins ya silinda 3, una nafuu: tangi lake lilikuwa la dizeli tangu mwanzo. Kwako angalia zaidi viungio vya paipu.

Linawaka vizuri, linalima dakika 20, linazimika. Nikisubiri kidogo linawaka tena. Tatizo nini?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na karibu kila mara jibu liko tangini.

Kwanza, mfuniko. Tundu la kupumulia likiziba kwa vumbi au rangi, tangi linajenga ombwe kadiri mafuta yanavyotoka, mpaka fidi pampu inashindwa kuvuta. Injini ikianza kulegea, fungua mfuniko hapohapo. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na injini ikapata nguvu, umemaliza kazi. Safisha tundu kwa waya mwembamba. Wengine huweka mfuniko wa kopo au mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira. Ule hauna tundu kabisa.

Pili, magamba ya kutu. Trekta likitulia, magamba huzama chini. Likianza kutikisika na dizeli kuvutwa, yanasogea mpaka kwenye mdomo wa koki na kuuziba. Injini ikizimika mvuto unakwisha, magamba yanaanguka, na baada ya dakika 10 trekta linawaka kama halijawahi kuugua. Kupuliza koki kwa mdomo kunaleta nafuu ya siku moja tu. Shusha tangi lisafishwe.

Tatu, mpira uliochoka. Mpira wa petroli wa zamani hulainika kwa ndani. Nje unaonekana mzima, ndani utando umeachia na unajikunja njia ikivutwa. Ukate uutazame. Bei ya mita moja ya mpira mpya wa dizeli ni ndogo kuliko nusu siku ya kulima iliyopotea.

Dizeli kiasi gani inapaswa kutoka kwenye paipu?

Pima, usikisie. Injini hii ikibeba mzigo kamili hunywa takriban lita 9 kwa saa, yaani mililita 150 kwa dakika. Juu ya hapo kuna inayorudi tangini, na filta nayo inapinga. Sisi tunataka angalau nusu lita kwa dakika.

Chomoa paipu inapoingia kwenye fidi pampu, ielekeze kwenye chupa ya maji ya nusu lita, fungua koki, tazama saa. Chupa ikijaa ndani ya dakika moja, njia iko sawa. Ikichukua dakika 2 au 3, kuna mzibo kati ya tangi na hapo uliposhika. Ikitoka kwa nguvu kisha ikapungua polepole, rudi kwenye mfuniko na magamba. Acha dizeli itiririke dakika 5 nzima (chombo cha pili kiwe karibu), kwa sababu mzibo wa magamba hauonekani katika nusu dakika ya kwanza.

Kipimo hiki ni cha tangi lililo juu ya injini. Tangi likiwa pembeni au chini, dizeli haishuki yenyewe. Tumia kipimo cha dumu tunachokieleza mbele.

Nimeambiwa imekula upepo, lakini sioni dizeli ikivuja popote. Hewa inaingia wapi?

Inategemea tangi liko wapi. Likiwa mahali pake pa asili, juu ya injini chini ya boneti, kiungio kibovu hudondosha dizeli nje kwa sababu uzito wa mafuta unasukuma. Tangi lililohamishiwa chini ya kiti au pembeni ya ngazi hubadilisha mambo: paipu yote mpaka kwenye fidi pampu inavutwa, na kiungio kibovu hakidondoshi hata tone. Kinaingiza hewa kimyakimya. Ndiyo maana trekta la tangi la chini linaweza kuwa safi kama sahani na bado likazimika.

Nunua kipande cha mpira unaopitisha mwanga, kama sentimita 30, ukifunge kati ya filta na injekta pampu. Washa injini utazame. Povu dogo la mwanzo si tatizo. Mapovu yasiyoisha baada ya dakika 2 au 3 ni hewa inayoingia. Hamisha kipande hicho, kiweke kabla ya fidi pampu. Mapovu yakionekana na hapo, tundu liko upande wa tangi. Yasipoonekana, liko kwenye fidi pampu yenyewe au kichwa cha filta.

Sehemu za kukagua, kwa mpangilio wa jinsi zinavyotusumbua: oringi na sili za filta, washa za shaba kwenye bolti zenye tundu, hasa zilizotumika zaidi ya mara moja, matundu ya ziada kwenye kichwa cha filta yaliyozibwa kwa bolti isiyo na washa, klipu za waya kwenye mpira mgumu, na paipu ya shaba iliyopasuka shingoni kwa mtikisiko. Pia paipu nyembamba inayolisha kifaa cha kuwashia wakati wa baridi kwenye manifodi. Wengi huking'oa na kukunja paipu kwa koleo. Mkunjo wa koleo haushiki. Izibe kwa plagi.

Ushauri mmoja: usipake silikoni kwenye viungio vya mafuta. Dizeli huilainisha, na vipande vyake huishia kwenye wavu wa injekta pampu.

Nitoeje upepo kwa usahihi?

Weka gia huru, vuta breki, weka mawe kwenye matairi. Utahitaji spana ya inchi 5/16 ya skrubu ndogo na ya 5/8 ya nati za nozeli. Namba 8 na namba 16 hukaa vizuri pia. Osha pampu na filta kwa brashi na dizeli kabla ya kufungua chochote. Vumbi linaloingia wakati wa kutoa upepo huua pampu kuliko upepo wenyewe.

1. Jaza tangi angalau nusu, fungua koki.
2. Legeza plagi ya juu ya filta, skrubu iliyo ubavuni mwa injekta pampu (ile iliyo kwenye bolti ya kichwa cha pampu), na skrubu ya juu kwenye nyumba ya gavana (kidhibiti mwendo kilicho juu ya injekta pampu).
3. Piga kijiti cha fidi pampu polepole, kikifika mwisho kila mara.
4. Dizeli ikitoka bila povu, kaza kwanza ya filta, kisha ya ubavuni, mwisho ya gavana.
5. Legeza nati ya paipu inayoingia kwenye pampu, piga tena mpaka itoke safi, kaza.
6. Legeza nati 2 za nozeli kwa mzunguko mmoja hivi. Akseleta wazi kabisa, waya wa kuzimia ndani. Piga stata kwa sekunde 15, pumzisha dakika moja, rudia mpaka dizeli itoke kwenye zote mbili. Kaza, washa.

Stata hairuhusiwi kuzungushwa dakika nzima mfululizo. Inaungua, na betri inakufa kabla ya upepo kuisha. Na usiweke kidole wala kiganja mbele ya nati iliyolegezwa au paipu ya nozeli. Dizeli ile hutoka kwa shinikizo linalotoboa ngozi, na jeraha lake linaonekana dogo wakati ndani linaoza. Ikikupata, nenda hospitali mara moja, ueleze kwamba dizeli imeingia mwilini.

Napiga kijiti cha fidi pampu, kinalegea tu, hakisukumi.

Kemu inayoisukuma pampu imesimama kwenye kilele chake. Zungusha injini mzunguko mmoja, jaribu tena. Kikibaki kulegea, fungua kifuniko cha juu: kuna wavu unaoziba, na sili inayokauka. Baada ya hapo tatizo ni dayaframu (utando wa ndani unaovuta na kusukuma) au vali zake.

Oili ya injini inaongezeka kwenye kijiti cha kupimia.

Zima injini. Dayaframu ya fidi pampu imepasuka na dizeli inashuka kwenye karta, yaani bakuli la oili chini ya injini. Oili iliyochanganyika na dizeli haishiki beringi. Badilisha pampu na oili yote pamoja na filta yake kabla ya kuwasha tena.

Tangi langu liko juu. Naweza kuiondoa fidi pampu nikaacha dizeli ishuke yenyewe?

Trekta litawaka, hata litavuta tela tupu. Lakini dizeli iliyosimama nusu mita juu ya pampu inatoa shinikizo la baa 0.04 tu. Filta mpya inaweza kuvumilia hilo. Filta iliyotumika miezi miwili haiwezi, na tangi likishuka chini ya robo hata ile mpya inashindwa. Plau ikizama kwenye udongo mgumu, injini inalegea. Pia unapoteza kijiti cha kutolea upepo. Rudisha fidi pampu.

Filta gani, na nibadilishe lini?

Kichwa cha CAV huchukua elementi (kichujio chenyewe kinachobadilishwa) ya namba 296, inayopatikana karibu kila duka la vipuri vya matrekta. Shambani kwenye vumbi na mafuta ya madumu tunabadilisha kila saa 250, na kumwaga maji ya chini ya kikombe kila asubuhi kabla ya kuwasha. Trekta nyingi za 135 zina filta mbili, badilisha zote.

Elementi mpya huja na sili zake. Kosa la kawaida ni kuacha sili ya zamani imeganda ndani ya kichwa na kuweka mpya juu yake. Zikiwa mbili, hazikai, na hewa inaingia. Ing'oe ya zamani kwa kijiti cha mti. Bisibisi hukwaruza njia ya sili. Usisahau oringi ndogo ya katikati inayozunguka bolti. Na kama kichwa cha filta kilitoka kwenye trekta jingine, hakikisha paipu ya kuingilia na ya kutokea hazijapishana.

Nina shaka na injekta pampu. Nitajuaje kabla ya kuipeleka kwa fundi wa pampu?

Fanya kipimo cha dumu. Chukua dumu safi la lita 5, weka dizeli uliyoichuja, litundike juu ya kiwango cha injini. Shusha mpira kutoka humo hadi kwenye kiingilio cha injekta pampu ukipitia filta mpya. Toa upepo, washa, fanya kazi nyepesi. Usilime kwa mpangilio huu. Ni kipimo tu. Trekta likitembea bila kusita, pampu yako ni nzima na kosa liko kati ya tangi na filta. Likisita vilevile, sasa una haki ya kuishuku.

Kuna wavu mdogo kwenye kiingilio cha DPA, chini ya bamba la mwisho. Magamba na vipande vya mpira hukusanyika hapo. Lakini chini ya bamba hilo kuna pia pistoni na springi za kurekebisha shinikizo, na zikirudishwa vibaya pampu haitasukuma kabisa. Kama hujawahi kulifungua, mwachie fundi wa pampu.

Tunasisitiza kipimo cha dumu kwa sababu tumeona pampu nyingi zikifunguliwa na kulipiwa pesa nyingi, kumbe kosa lilikuwa mfuniko wa tangi.

Likiwa baridi linawaka mara moja. Likipata moto, nikilizima haliwaki mpaka lipoe.

Hii ndiyo dalili ya kweli ya pampu iliyochakaa. Dizeli ya moto ni nyepesi, na kichwa cha pampu kilicholika kinaivujisha ndani badala ya kuisukuma kwenye nozeli. Injini ikiwa imezimwa na imekataa kuwaka, funika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika 10, jaribu tena. Likiwaka, peleka pampu ikapimwe kwenye mashine. Usimwage maji kwenye pampu inayozunguka, inaweza kuganda.

Mafuta yaliyochakachuliwa yanaweza kusababisha haya?

Yanaweza, kwa njia mbili. Maji yanajaza kikombe cha filta na kukata mafuta. Mafuta ya taa hayakati mafuta siku hiyo, lakini DPA haina oili yake. Inalainishwa na dizeli inayopita ndani, na mafuta ya taa ni makavu. Ikinyweshwa mchanganyiko kwa muda, inalika na kukuletea tatizo la swali lililotangulia. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu ya uchakachuaji huo.

Weka dizeli kwenye chupa ya kioo kwa usiku mmoja. Maji yatakaa chini kwa mstari. Dumu lililobebwa kutoka mjini liache litulie, kisha mimina bila kumaliza lita ya mwisho. Jaza tangi jioni: nafasi tupu ndiyo inayotoa jasho usiku likageuka maji.

Nasafishaje tangi la petroli lenye kutu?

Lishushe. Toa koki na wavu. Weka kokoto safi zenye ukubwa wa punje za mahindi, kama kilo 2, na lita 3 za dizeli, ziba matundu, tikisa dakika 15 ukiligeuza kila upande. Mwaga, suuza kwa dizeli mpaka itoke bila chembe, kisha tazama ndani kwa tochi. Hesabu pia kwamba kokoto zote zimetoka.

Kama unahitaji kuongeza tundu la kurudishia, usipeleke tangi kwa mchomeleaji hata kama limekaa miaka bila petroli. Mvuke wake unabaki kwenye kutu na maungio, na matangi ya namna hiyo hulipuka. Toboa sehemu ya juu kwa drili ya mkono, funga nipo (kipande cha kuunganishia paipu) yenye nati na washa pande zote mbili. Tangi likiwa limeoza, tafuta la dizeli la mtumba. Usitengeneze jipya kwa bati la mabati: zinki huingia kwenye dizeli na kutengeneza uji unaoziba filta na nozeli.

Likipanda mlima tu ndipo linakosa mafuta.

Dizeli inakimbilia nyuma ya tangi na mdomo wa koki unabaki hewani. Koki nyingi za petroli zina mrija uliosimama ndani kwa ajili ya akiba, kwa hiyo tangi linaisha kwako likiwa bado na lita kadhaa. Fungua koki mpaka mwisho, na kwenye miteremko usishuke chini ya robo tangi.

Waya wa kuzimia unaweza kupunguza nguvu?

Ndiyo. Ukifungwa mfupi, lever ya kuzimia hairudi mpaka mwisho na pampu inabanwa nusu. Chomoa waya kwenye lever, isukume kwa mkono mpaka igote, endesha. Nguvu ikirudi, rekebisha urefu wa waya. Lever ya akseleta nayo ikaguliwe vivyo hivyo. Mtu akanyage pedali mpaka mwisho wewe ukitazama kama lever imegusa skrubu ya mwendo wa juu.

Nibebe nini shambani?

Elementi moja ya 296 na sili zake, washa za shaba 6 za kila kipimo, mita moja ya mpira wa dizeli wa milimita 8 na klipu 4 za kukaza kwa bisibisi, kipande cha mpira unaopitisha mwanga, spana mbili tulizozitaja, brashi, na lita 2 za dizeli iliyotulia kwenye chupa iliyofungwa.